"Uliniandika Kama Maiti": Venye Tunakosea Stori za Vijana Waliolelewa kwa Watu

Kuna simu moja sijawahi sahau. Ilikuwa jioni, niko kwa keja huku Gatongora, nangoja ndengu ziive. Kwa laini alikuwa chali mmoja wa mjengo, na nilikuwa nimeandika stori yake wiki moja nyuma. Hakunisalimia. Alisema tu, "Buda, uliniandika kama maiti."

Nilidhani ananichezea. Hiyo stori ilikuwa imesomwa mbaya. Kichwa kilikuwa na neno "machozi". Kwa picha alikuwa ameangalia chini, na ni mimi nilimwambia aangalie chini. Watu walikuwa wameandika "pole" mpaka zikajaa, na msamaria mmoja alikuwa amemtumia godoro. Kwa akili yangu, nilikuwa nimemsaidia.

Sasa skia upande wake. Alikuwa na miaka 19. Alikaa kwa makao ya watoto hadi darasa la sita, halafu akachukuliwa na familia moja iliyomlea hadi fomu foo. Pale mjengo Kimbo, wasee walikuwa wanajua tu mathe yake ako mbali. Stori yangu ilipotoka wakaanza kumuita chokoraa. Na huyo jamaa hajawahi lala nje hata siku moja.

Kitu kiliniuma zaidi ni hiki: godoro alikuwa nayo. Chenye alikuwa anatafuta ni kitambulisho. Alikuwa ameniambia, na nilikuwa nimeandika, mstari wa mwisho kabisa. Halafu nikaufuta juu stori ilikuwa ndefu.

Nimemuuliza kama naweza simulia hii, amekubali, bora jina na sura vikae nje. Kwa hivyo leo sitakuliza. Nataka nikueleze hii maneno ya watoi kulelewa na watu wasiowazaa inafanyaje kazi, inaonyeshwa aje kwa filamu na kwa habari, na kwa nini picha ikiwa mbaya kuna kijana anaumia.

KWANZA TUELEWANE MANENO

Watu wengi mtaani wanachanganya vitu vinne.

Makao ya watoto ni ile boma yenye geti na ubao, watoto wengi, walezi wa kuajiriwa. Kuasili ni pale korti inakupa mtoto awe wako kabisa, na jina lako, na urithi wako. Fosta ni kitu ya katikati: mtoto anaishi kwa nyumba yako kama wa familia, lakini ni ulezi wa muda. Anaweza rudi kwao mambo yakitulia, na afisa wa watoto anafaa kufuatilia venye anaishi. Usidhani ni kazi ya mshahara.

Ya nne ndio kubwa kuliko zote na hatuipatii hata jina: mtoto kulelewa na ndugu wa damu. Shosh, guka, tata, ankal, ama brathe mkubwa. Hiyo tutairudia.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, imezitambua hizi njia za kulea mtoto kwa familia. Imetambua pia kafala, ile njia ya Waislamu ya kuchukua mtoto na kumlea bila kumbadilisha ukoo. Na Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema kila mtoto ako na haki ya jina na uraia tangu azaliwe, na haki ya malezi ya wazazi. Kumbuka hiyo ya jina na uraia, juu ndiyo itarudi kutuuma.

PICHA YA KWANZA: YATIMA WA KRISMASI

Hii unaijua. Desemba imefika, kampuni imebeba unga, mafuta ya kupika na soda. Watoto wamepangwa mstari, wanaimba. Mgeni anashika mtoto mdogo, kamera inapiga, watu wanarudi kwa basi. Januari hakuna mtu anakumbuka.

Si ati unga ni mbaya. Mtoto lazima adishi. Shida ni chenye hiyo picha inafundisha. Inafundisha kwamba huyu mtoto hana mtu. Na watafiti pamoja na mashirika ya watoto wamesema kwa miaka kwamba wengi walio kwa makao wako na mzazi mmoja hai, ama ndugu. Wengi wanaishia hapo juu ya umaskini, ugonjwa, ama shule. Yaani mathe yuko, ni karo na chakula hakuna.

Gava yenyewe imekadiria kuna zaidi ya watoto 40,000 kwa makao hapa Kenya. Ukiamini wote ni yatima, jibu lako ni kujenga makao mengine. Ukijua wengi wako na watu, swali linabadilika: mbona hiyo doo ya ubao na geti haikumfikia huyo mathe kabla aachane na mtoi? Mpango wa gava wa kusaidia familia zinazolea yatima na watoto wasiojiweza, ule uko chini ya Inua Jamii, unatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hesabu mwenyewe hiyo inafika wapi na kodi za Ruiru.

PICHA YA PILI: MAMA WA ROHO MBAYA

Hii ilianza kwa hadithi za zamani na haijawahi kufa. Mama wa kambo anampa mtoto ukoko, wake wanakula nyama. Hollywood wamefanya hiyo kitu wakatajirika. Cheki Harry Potter, mtoto analala chini ya ngazi kwa nyumba ya dada ya mamake.

Na kuna ukweli hapo, tusidanganyane. Mwaka 2020 BBC Africa Eye walitoa uchunguzi kuhusu watoto wanaoibwa na kuuzwa Nairobi, na nchi nzima ikashtuka. Mmarekani Gregory Dow, aliyefungua makao Boito, Bomet, mwaka 2008, alikuwa anaonekana mtu wa Mungu. Mwaka 2021 korti ya Pennsylvania ilimfunga miaka 15 na miezi minane kwa kudhulumu kingono wasichana waliokuwa chini ya ulinzi wake. Kwa hivyo mtu akiogopa, ako na sababu.

Lakini picha ikiwa ni hiyo tu, inaumiza watu wawili. Wa kwanza ni mlezi mzuri. Akimwadhibu mtoto kidogo, majirani wanasema "si wake, ndio maana". Asipomwadhibu, wanasema "si wake, ndio maana hajali". Wa pili ni kijana mwenyewe. Jamaa yangu aliniambia kila mtu akijua amelelewa na watu, swali la kwanza ni "walikuwa wanakutesa?" Akisema hapana, wanaona ni kama anaficha.

PICHA YA TATU: SHUJAA

Hii ndio tamu. Kijana alikuwa hana kitu, mtu mwema akamchukua, akaomoka. Mwisho.

Mfano mkubwa duniani ni filamu ya The Blind Side ya 2009. Inasimulia kuhusu Michael Oher, kijana mweusi aliyepitia nyumba za fosta huko Memphis, halafu akachukuliwa na familia ya Wazungu wenye pesa, akawa mchezaji mkubwa wa futiboli ya Marekani. Sandra Bullock, aliyeigiza huyo mama, alishinda Oscar. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Watu walilia, wakafurahi, wakaenda nyumbani.

Lakini Oher mwenyewe hakuipenda hiyo picha. Mwaka 2011 alitoa kitabu chake, akasema filamu ilimfanya aonekane mjinga, kama mtu alifundishwa mchezo na mtoto mdogo kwa chupa za jikoni, na yeye alikuwa anaujua tangu zamani. Halafu Agosti 2023 akaenda korti Tennessee. Alisema hiyo familia haikuwahi kumuasili. Mwaka 2004, akiwa na miaka 18, alisaini karatasi akidhani ni za kumfanya mtoto wao, kumbe zilikuwa za usimamizi, ule mpango wa korti unaompa mtu mwingine nguvu ya kusimamia mikataba yako. Familia ilikataa kwamba ilimtumia vibaya. Septemba mwaka huo jaji aliumaliza huo mpango.

Sijui nani alimkosea nani, hiyo ni ya korti. Chenye nimeona ni hiki: dunia nzima ilikuwa imesomea maisha ya huyu jamaa kwa skrini kwa miaka 14, na hakuna aliyewahi kuuliza karatasi zake zinasemaje.

Hapa nyumbani tuko na filamu ya Mully, ya 2015. Ni kuhusu Charles Mulli, aliyeachwa na wazazi akiwa mdogo, akatajirika Eldoret, halafu mwaka 1989 akaanza kuchukua watoto wa mtaani. Boma lake kubwa liko Ndalani, Yatta. Ni stori ya kweli na inashika roho. Lakini cheki jina la filamu: ni la aliyesaidia. Si makosa, yeye ndiye walikuwa wanamfuata. Ila stori nyingi za aina hii huenda hivyo. Mwenye kuokoa ako na jina, waliookolewa ni "watoto".

Na stori ya shujaa iko na ubaya mwingine. Inasema ukikaza utatoka. Kwa hivyo usipotoka, ni wewe hukukaza. Kwa kila mmoja aliyefika kwa TV, kuna wengi wako Toll wanangoja kibarua saa kumi na mbili asubuhi, na hawajafeli popote. Wanaishi tu.

WAKIJISEMEA WENYEWE

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuwaskize waliokilalia.

Simone Biles, yule mwanajimnastiki wa Marekani, alipitia fosta akiwa mdogo sana juu mamake alikuwa na shida ya dawa na pombe. Babu yake Ron na mkewe Nellie walimchukua, na mwaka 2003 wakamuasili. Olimpiki ya Rio 2016, mtangazaji mmoja wa NBC aliandika mtandaoni kwamba hao si wazazi wake. Alikuja kuomba msamaha. Biles hakuandika insha. Alisema tu kwamba wazazi wake ni wazazi wake, na ikaishia hapo.

Tiffany Haddish, yule mchekeshaji, aliingia fosta akiwa msichana mdogo na akahamishwa nyumba hadi nyumba. Unajua anakumbuka nini? Kubeba nguo kwa mifuko ya takataka. Ndio maana shirika lake, She Ready, linawapa watoto wa fosta masanduku ya safari. Mtu wa nje hangefikiria sanduku. Angeleta blanketi.

Umeona tofauti? Sisi tunaangalia machozi ama ushindi. Wao wanakumbuka mfuko, jina, na nani alikuja siku ya kufunga shule. Jamaa yangu nilipomuuliza tena, wakati huu bila kamera, aliniambia kitu kilichomshangaza zaidi alipohamia kwa familia ilikuwa friji. Kwa makao chakula kilikuwa na saa yake. Hapa angeweza kufungua friji saa tano usiku na hakuna mtu angeuliza. Alikaa karibu mwezi mmoja bila kuigusa.

SAYANSI INASEMA AJE

Usidhani hii ni hisia tu. Kuanzia mwaka 2000, watafiti wa Marekani walifuatilia watoto 136 waliokuwa kwa makao ya Bucharest, Romania. Nusu walipelekwa kwa familia za fosta kwa kupigiwa kura, nusu wakaendelea na maisha ya makao. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili, na walioenda wakiwa wadogo, kabla ya miaka miwili hivi, walifaidika zaidi. Si ati walezi wa makao walikuwa wabaya. Ni hesabu tu. Mtu mmoja hawezi kubeba, kubonga na kucheka na watoto kumi na tano kama venye mzazi anafanya na wawili.

Ndio maana Kenya mwaka 2022 ilitoa mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kutoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia: yao ikiwezekana, ya ndugu, ama ya fosta. Makao yanafaa kuwa mwisho wa njia, si mwanzo.

Kwa karatasi ni poa sana. Lakini mkakati ukikutana na mtaa, unakutana na watu ambao picha walizonazo kichwani ni zile tatu: yatima, mama wa roho mbaya, na shujaa. Nani atajitolea kuwa mlezi kama mtaa mzima unamngoja akosee?

SASA HIYO MIAKA 18

Kwa sheria, mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Ukifika hapo, mlango unafunguka, na si wa kuingia. Wenzako wakifika 18 wanapewa keki na mathe anaendelea kuwapikia hadi 25. Mimi mwenyewe nilitoka chuo katikati juu ya karo, nikarudi kwa shosh hapa Gatongora, akaniwekea sahani kama kawaida. Hakuniuliza nina miaka mingapi. Kijana wa makao hana hiyo sahani ya kurudia.

Wengine wameliona hili. Uingereza tangu 2014 kijana anaweza kubaki na mlezi wake wa fosta hadi afike 21, wakikubaliana. Hapa kwetu waliopitia makao wameunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers, na wamekuwa wakipiga kelele kuhusu maisha baada ya kutoka.

Na kelele kubwa ni kitambulisho. Kukipata mara ya kwanza, unaulizwa cheti cha kuzaliwa na kopi ya kitambulisho cha mzazi. Chifu anataka kujua wewe ni wa nani na wa wapi. Mtoto aliyeokotwa, ama aliyeletwa kwa makao na faili ikapotea, atajibu nini? Na bila kitambulisho huwezi sajili laini, kwa hivyo huna M-Pesa. Huwezi omba mkopo wa HELB. Hata kwa geti za majengo ya tao askari anakwambia uache kitambulisho. Katiba imekupa jina na uraia tangu uzaliwe, lakini mtu wa geti hasomi Katiba.

Hapo ndio unaelewa godoro yangu ilikuwa utani.

SHOSH WA GATONGORA

Sasa ile ya nne. Zunguka hizi plot za Gatongora, kutoka Kimbo ukiingia ndani. Hesabu nyumba zenye shosh analea wajukuu juu mathe yao ako Gulf anafanya kazi ya nyumba, ama alikufa, ama alienda tu. Hakuna anayewaita wazazi walezi. Hakuna kamera inakuja Desemba. Lakini wao ndio wanabeba watoto wengi kuliko makao yote.

Nimelelewa na mmoja wao miaka sita, na hadi nilipoanza kusoma hii maneno sikuwahi jua niko kwa kundi lolote. Nilijua tu niko kwa shosh. Nafikiri hiyo ndio sura halisi ya kitu hiki: ikienda vizuri, mtoto hajui ni stori.

UFANYE NINI

Ukiwa na roho ya kulea, anzia kwa ofisi ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Watakuja kucheki nyumba, watauliza maswali mengi, na ni sawa waulize. Usichukue mtoto kienyeji kwa mtu wa kukuambia "lete kitu kidogo". Ukijua mtoto anateswa, piga 116, ni bure.

Ukiwa na cha kuwapa makao, waulize wale walio karibu kutoka wanahitaji nini. Mara nyingi ni nauli ya kufuatilia cheti, na mtu mzima wa kwenda naye.

Na ukiwa mtu wa kuandika ama wa kushika kamera kama mimi, muulize anataka watu wajue nini, halafu usifute huo mstari.

Jamaa yangu alipata kitambulisho, ilichukua miezi. Yule mama aliyemlea ndiye alienda naye kwa chifu mara ya tatu. Chifu akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Mama akavuta kiti, akakaa, akasema, "Niko naye tangu darasa la sita. Andika."